Je, Aondokaye Ana Deni kwa Jirani Aliyebaki?



Tulipokuwa tukifundisha amri ya saba, mtoto mmoja wa mwaka wa sita aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu siku ile. Nilikuwa nikieleza ya kwamba kusogeza usiku jiwe la mpaka wa shamba la jirani ni wizi, kama Torati inavyokataza. Akasimama, akasema: «Mwalimu, na kama mtu hasogezi jiwe, ila anatoka tu katika chama cha wale waliokuwa wakilima pamoja, na kwa kutoka kwake njia ya jirani inafungwa, huyo naye ameiba?» Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu niliona ya kuwa swali lake ni kubwa kuliko darasa letu. Nikamwambia: «Tutalijibu siku nyingine.»

Siku hiyo nyingine imefika, nami nitalijibu kwa mfano wa nchi ya mbali. Nchi hiyo ni Ayalandi. Wasomaji wa kando ya reli ya Kabalo na Kalemie hawatashangaa kusikia jina hilo, maana wazee wao waliwaona askari wa Ayalandi mwaka 1960, nami nitarudi kwao baadaye.

Ayalandi ni kisiwa kilicho upande wa magharibi wa Uingereza. Mwaka 1921 kisiwa hicho kilikatwa vipande viwili. Wilaya 6 za kaskazini zilibaki chini ya mfalme wa Uingereza. Wilaya 26 zikawa nchi yenye serikali yake, ambayo leo ni Jamhuri. Mpaka uliokatwa una urefu wa kilometa karibu 500. Haukufuata mto mkubwa wala safu ya milima. Ulifuata mistari ya zamani ya wilaya, ambayo watu wa kale waliichora kwa ajili ya kodi na mahakama, bila kuwaza hata kidogo kwamba siku moja itatenga nchi na nchi. Kwa hiyo ulipita katikati ya mashamba, na mahali pengine katikati ya kijiji. Huko Pettigo kijito tu ndicho kinachotenga: ng'ambo moja ni Jamhuri, ng'ambo ya pili ni Ayalandi ya Kaskazini. Tume iliwekwa ili kuurekebisha mpaka huo, ikafanya kazi mwaka 1924 na 1925. Lakini serikali ziliogopa hukumu yake, zikaifungia taarifa hiyo, na watu hawakuisoma mpaka mwaka 1969. Tarehe 1 Aprili 1923 ndipo maofisa wa duane walipoanza kusimama njiani.

Jambo moja lafaa kukumbukwa na Wakristu. Kanisa halikuigawa jimbo hata moja kwa sababu ya mpaka ule. Jimbo kuu la Armagh, kiti cha Mtakatifu Patrisi, lina waamini pande zote mbili hata leo, na vivyo hivyo majimbo ya Clogher na Derry. Waanglikana nao wamefanya kama sisi. Askofu akienda kutoa Kipaimara huvuka mpaka asubuhi na kurudi jioni.

Lakini mpaka ule ulimwaga damu nyingi. Kaskazini kulikuwa na watu waliotaka kuungana na Jamhuri, wengi wao Wakatoliki, na watu waliotaka kubaki na Uingereza, wengi wao Waprotestanti. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 hata mwaka 1998 watu zaidi ya 3.500 waliuawa. Msomaji Mkatoliki asijidanganye kwa kudhani kwamba haki yote ilikuwa upande wetu na uuaji wote upande wa pili. Tarehe 22 Agosti 1972 watu waliodai kuwapigania Wakatoliki walipeleka bomu katika ofisi ya duane ya mji wa Newry. Likapasuka kabla ya wakati wake, wakafa watu 9: maofisa wa duane, madereva wa malori, na wale watatu waliolileta bomu wenyewe. Nani kati ya maofisa wale alikuwa ameukata mpaka? Walikuwa watu wa mshahara, wenye kalamu na mihuri mkononi. Hao ndio wanaokufa kwanza mpaka unapogeuka kuwa kidonda, na ni vizuri kuwakumbuka kila tunaposikia wakubwa wakizungumza juu ya mipaka kana kwamba ni wino tu juu ya karatasi.

Amani ilikuja kwa njia mbili zilizokutana. Njia ya kwanza ilikuwa biashara. Tarehe 1 Januari 1973 Uingereza na Ayalandi ziliingia siku moja katika Soko la Pamoja la Ulaya, na tangu mwaka 1993 duane kati ya nchi za soko hilo ikaondolewa. Njia ya pili ilikuwa mapatano yaliyotiwa sahihi mjini Belfast tarehe 10 Aprili 1998, siku ya Ijumaa Kuu. Humo waliahidiana ya kwamba Ayalandi ya Kaskazini itabaki na Uingereza maadamu wengi wa watu wake wataka hivyo. Na ya kwamba mtu aliyezaliwa huko ana ruhusa kujihesabu Mwairishi, au Mwingereza, au vyote viwili. Watu wa pande zote mbili walipiga kura juu ya mapatano hayo siku moja, tarehe 22 Mei: kaskazini 71 kwa mia wakakubali, na katika Jamhuri 94 kwa mia. Baadaye askari wakashuka katika minara yao, na barabara zilizokuwa zimefungwa zikafunguliwa. Mpaka haukufutwa, wapenzi wasomaji. Ulibaki katika ramani, lakini ulipoteza uzito wake. Yule aliyetaka kuuona aliuona, na yule aliyechukia kuuona aliweza kupita bila kuuona. Wenye hekima waliona ya kuwa amani hiyo imesimama juu ya jambo hilo zaidi kuliko juu ya sahihi.

Ndipo ikaja kura ya tarehe 23 Juni 2016. Katika ufalme wote wa Uingereza 52 kwa mia walichagua kutoka katika Umoja wa Ulaya. Kaskazini mwa Ayalandi 56 kwa mia walichagua kubaki. Lakini kura ilihesabiwa kwa ufalme mzima, nao wakatolewa pamoja na wengine.

Huenda msomaji atauliza: kutoka katika umoja wa biashara kwahusu nini mpaka wa kijiji? Jibu ni hili. Masoko mawili yakiwa na sheria moja na kodi moja, hakuna haja ya kumsimamisha mtu njiani na kufungua mzigo wake. Soko moja likijiwekea sheria zake juu ya nyama, juu ya dawa, juu ya ushuru, lile la pili halina budi kukagua kinachotoka kwa jirani, la sivyo sheria yake imekufa. Basi ni lazima ukaguzi ufanyike mahali fulani. Wakubwa wa Uingereza waliahidi mambo matatu: tutatoka kabisa katika soko la Ulaya; hatutaweka ukaguzi katika mpaka wa nchi kavu wa Ayalandi; hatutaweka ukaguzi baharini kati ya Ayalandi ya Kaskazini na Uingereza yenyewe. Kila ahadi, ukiitazama peke yake, ni nzuri. Mbili kati yake zaweza kutimizwa pamoja, zozote mbili. Zote tatu haziwezekani, kama vile baba mwenye shamba moja hawezi kuwarithisha wana wawili, kila mmoja shamba zima.

Sasa turudi kwa swali la mtoto. Je, kutoka ni dhambi? Hapana. Aliyeingia katika ushirika kwa hiari yake, ambao si sakramenti wala nadhiri, aweza kutoka kwa hiari yake. Abrahamu na Loti walitengana kwa sababu malisho hayakuwatosha, na Maandiko hayawalaumu kwa kutengana. Lakini tazameni jinsi walivyotengana. Abrahamu ndiye mkubwa, ndiye aliyepewa ahadi, naye akamwachia mdogo achague kwanza upande autakao. Mwenye nguvu ndiye aliyejinyima. Huko kwetu watu hutengana kila mwaka, ndugu na ndugu, ukoo na ukoo. Mara chache sana nimemwona mkubwa akimwambia mdogo: chagua wewe kwanza.

Kwa hiyo dhambi, kama ipo, haiko katika kutoka. Iko katika namna ya kutoka. Fikirini mtu aliyewaacha jirani zake wapite shambani mwake miaka thelathini kwenda kisimani. Hakuandika hati. Hata hivyo, kwa kuiamini njia hiyo, mmoja amejenga nyumba mahali pasipo maji mengine, mwingine ameoza binti yake upande wa pili. Siku moja mwenye shamba asema: «Shamba ni langu, nafunga.» Mbele ya mahakama huenda atashinda. Mbele ya dhamiri, je? Naona ya kuwa yampasa kwanza awaite jirani zake, awaambie mapema, na awatafutie njia nyingine kabla ya kupanda ua. Deni lake halitokani na kitu alichochukua. Latokana na vile wengine walivyojenga maisha yao juu ya neno lake, naye akiwaona wakijenga na kunyamaza. Hilo ni deni la haki, si la huruma tu. Tofauti yake ni kubwa: anayedaiwa huruma akitoa hushukuriwa, anayedaiwa haki akitoa amelipa tu.

Kwa kipimo hicho wakubwa wa Uingereza walifanyaje? Kabla ya kura, mpaka wa Ayalandi ulizungumzwa kidogo sana katika miji ya Uingereza, ingawa wapo waliowaonya. Baada ya kura walitambua uzito wake. Bibi Theresa May, aliyekuwa waziri mkuu, alifanya mapatano mwaka 2018 ambayo yangeubakiza ufalme wote katika ushuru mmoja na Ulaya mpaka ipatikane njia bora ya kuepuka ukaguzi nchi kavu. Bunge lake likayakataa mara tatu mwaka 2019. Mara ya kwanza kwa kura 432 dhidi ya 202. Bwana Boris Johnson aliyemfuata alichagua ukaguzi wa baharini: bidhaa zitokazo Uingereza zikaguliwe katika bandari za kaskazini, kama Belfast na Larne. Alitia sahihi, lakini akaendelea kuwaambia wafanya biashara wa kaskazini kwamba hawatakuwa na karatasi za kujaza. Uingereza ikatoka katika Umoja tarehe 31 Januari 2020. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo serikali yake ilileta bungeni sheria ya kuvunja sehemu ya mapatano hayo, na waziri wake mmoja akakiri wazi mbele ya wabunge kwamba itavunja sheria ya mataifa, ila kwa namna ndogo yenye kiasi.

Hapa sitasita kutoa hukumu yangu. Sisi walimu wa katekisimu twajua maneno haya, maana twayasikia kwa watoto: «Nimesema uongo, lakini mdogo.» Uongo mdogo una ubaya mdogo, ni kweli. Lakini ahadi ya mapatano si kama neno la mazungumzo. Aliyetia sahihi akijua ya kuwa hatatimiza amedanganya siku ile ile ya sahihi. Na aliyetia sahihi bila kuyapima aliyoyaahidi amekosa katika busara, ambayo kwa kiongozi ni wajibu, si pambo.

Nilipomweleza yule mtoto haya, akaniuliza swali la pili: «Na yule aliyebaki, yeye hana deni?» Analo. Tarehe 29 Januari 2021 wakubwa wa Umoja wa Ulaya, kwa kugombea chanjo za ugonjwa wa Korona, walitangaza kutumia kifungu cha mapatano ambacho kingeweka ukaguzi wa chanjo katika mpaka ule ule wa nchi kavu ambao kwa miaka minne walisema usiguswe. Hawakuwauliza Waairishi. Usiku ule ule waliacha shauri hilo, na ni heri. Lakini watu wa kaskazini walikuwa wamekwisha kuona. Tena sheria za ukaguzi baharini zilishikwa kwanza kwa ukali ambao haukuhitajika. Viazi vya mbegu kutoka Scotland vilikatazwa, miche yenye udongo wa Uingereza ikakatazwa, hata soseji zikawa jambo la mawaziri. Mtu aliyebaki nyumbani mwenye haki zote mkononi aweza kuitumia haki yake kama fimbo, na huo nao ni udhalimu.

Yupo pia mwenye haki ya kusikilizwa ambaye mara nyingi katika magazeti yetu ya Kikatoliki hasikilizwi. Ni yule Mprotestanti wa kaskazini anayependa Uingereza. Asema hivi: «Mwaka 1998 niliahidiwa ya kuwa hali yangu haitabadilishwa bila kibali cha watu wa hapa. Leo kifurushi kinachotoka Liverpool kuja kwangu kinakaguliwa kama kimetoka nchi ya kigeni. Nani aliniuliza? Mwairishi alisema hawezi kuvumilia nguzo ya duane nchi kavu, mkamhurumia. Mimi nasema siwezi kuivumilia baharini, mnaniambia ni karatasi tu.» Mahakama kuu ya Uingereza iliamua mwezi wa Februari 2023 kwamba mapatano hayo ni halali. Sina la kupinga. Lakini jambo laweza kuwa halali na bado likaacha moyo wa mtu umejeruhiwa, na aliyejeruhiwa hapozwi kwa kusomewa hukumu. Mimi naona ukaguzi wa baharini ulikuwa ubaya mdogo kuliko ule wa nchi kavu, kwa sababu bandari ni chache na zina walinzi wake, lakini njia za nchi kavu ni zaidi ya 200, na kila nguzo ingekuwa shabaha kama ofisi ya Newry. Hata hivyo sioni haki ya kumbebesha mtu ubaya mdogo kabla ya kumwuliza. Chama chake kikubwa kilitoka serikalini Februari 2022, na Ayalandi ya Kaskazini ikakaa miaka miwili bila serikali kamili.

Nilisema nitarudi Niemba. Tarehe 8 Novemba 1960 askari 11 wa Ayalandi, waliotumwa na Umoja wa Mataifa, walifika penye daraja karibu na Niemba, wakashambuliwa na wapiganaji wa Baluba, 9 wakafa. Kwa nini Baluba walikuwa wameshika silaha? Tarehe 11 Julai mwaka ule Katanga ilikuwa imetangazwa kujitenga na Kongo, na Baluba wa kaskazini hawakutaka kwenda nayo. Walitolewa pamoja na wengine. Askari wale kutoka Ayalandi walikuja kuzuia watu wasiuane; lakini mtu anayeona njia yake inafungwa pande zote hana utulivu wa kutazama kofia. Siandiki haya ili kuwapa udhuru waliowaua. Amri ya tano haina mlango wa nyuma. Nayaandika kwa sababu mzee mmoja wa huko, nilipomsomea habari za kura ya mwaka 2016, alinyamaza kitambo, kisha akasema: «Hao wa kaskazini nawajua.»

Katika sura ya 31 ya Kitabu cha Mwanzo twasoma habari za Yakobo na mkwewe Labani. Walikuwa wamedanganyana miaka ishirini. Yakobo akatoka bila kuaga, Labani akamfuata. Mwishowe walikusanya mawe wakafanya rundo, wakaapa ya kuwa hakuna atakayelipita rundo hilo kwa kumdhuru mwenzake. Mambo mawili hunishangaza humo. La kwanza, kila mmoja aliliita rundo kwa lugha yake: Labani kwa Kiaramu, Yakobo kwa Kiebrania. Hawakupigania jina. Kaskazini mwa Ayalandi upo mji ambao wengine huuita Derry na wengine Londonderry, na kwa jina alitajalo mtu wamjua yu wa upande gani. La pili, walikula chakula pamoja juu ya mawe yale yale. Hawakungoja kuaminiana ndipo wale. Mpaka wao haukuwa ukuta, ulikuwa shahidi.

Tarehe 27 Februari 2023 Uingereza na Umoja wa Ulaya walifanya mapatano mapya mjini Windsor. Bidhaa zitakazobaki kaskazini zikapewa njia nyepesi, zile zitakazoendelea kwenda katika Jamhuri zikapewa njia ya ukaguzi kamili, na wabunge wa kaskazini wakapewa uwezo wa kupinga baadhi ya sheria mpya za Ulaya. Serikali ya kaskazini ikarudi Februari 2024. Tarehe 10 Desemba mwaka huo wabunge wake waliulizwa kwa mara ya kwanza kama wanayakubali mapango haya ya biashara. Kura 48 zilikubali, 36 zikakataa, na hakuna hata mmoja wa vyama vya wapenda Uingereza aliyekubali. Kwa kuwa kibali kilitoka upande mmoja tu, hakikupewa miaka minane bali minne. Mwaka 2028 wataulizwa tena.